Kuanzia Munich hadi Mogadishu: polisi walivyojifunza kunyata

Bunduki na ujasiri havikukosekana Munich. Alfajiri ya Septemba 5, 1972, watu wanane wa kundi la Black September waliingia kijiji cha Olimpiki, wakaua Waisraeli wawili na kuwashika mateka tisa. Mchana, polisi wa Ujerumani Magharibi walipanda juu ya mapaa wakiwa wamevaa suti za michezo, ili waingie kimyakimya. Kamera za televisheni ziliwarusha hewani, na watekaji walikuwa na televisheni chumbani. Mpango ukavunjwa. Usiku, katika uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, walenga shabaha watano wasio na redio za kuwasiliana walipangwa kuwakabili wale wanane, na polisi waliojificha ndani ya ndege wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kuondoka. Mateka wote tisa walikufa, na polisi mmoja pamoja nao. Kilichokosekana ni mazoea ya kwenda pamoja, mtu akijua mwenzake yuko wapi bila kumwuliza.

Mwaka huohuo kikaundwa kikosi cha GSG 9, ndani ya polisi wa mpakani, chini ya Ulrich Wegener. Oktoba 18, 1977, mtihani ukaja Mogadishu, ambako ndege ya Lufthansa ilikuwa imetekwa. Askari wa Somalia waliwasha moto mbele ya ndege, watekaji wakavutwa kuutazama. Wakati huohuo vijana wa Wegener wakapanda ngazi gizani na kufungua milango kwa pamoja. Abiria wote 86 waliokolewa. Wapo watakaosema ni moto uliowaokoa. Lakini moto ule ungefaa nini kama milango ingefunguliwa dakika mbili baadaye?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ufundi huu umehamia kwenye nyumba za raia. Ni kweli, na ni jambo la kuumiza. Machi 2020, mjini Louisville, Marekani, polisi walivunja mlango usiku wakitafuta dawa za kulevya, wakamuua Breonna Taylor, ambaye hakuwa na silaha. Hata hivyo, walioingia walikuwa wapelelezi wa kawaida, si kikosi maalumu cha jiji. Mmoja wao alifyatua risasi kutoka nje, kupitia vioo vilivyofunikwa, zikapenya hadi kwa majirani. Hivyo sivyo GSG 9 ilivyofunzwa. Wala mafunzo pekee yasingehalalisha msako ule: mbinu iliyobuniwa kuokoa mateka haina kazi katika nyumba isiyo na mateka. Juni mwaka huo, Louisville ilipiga marufuku hati za kuingia bila kubisha hodi.