Filimbi Ilivyofika Mikononi Mwangu

Siku ya mechi ya darasa letu na darasa la juu yetu, refa hakufika. Mwalimu wa michezo akanitupia filimbi: "Wewe unazijua sheria. Chezesha!" Wavulana walicheka. Dakika za mwisho, tukiwa sare, beki wetu alimkwatua mshambuliaji wao ndani ya eneo la hatari. Nikapuliza penalti. Tulifungwa 1-0, na wiki nzima darasani hakuna aliyenisalimu.

Ndipo nikataka kujua kazi hii ilianzaje. Zamani, huko Uingereza, mpira haukuwa na refa. Manahodha walipatana wenyewe. Baadaye kila timu ikaleta mwamuzi wake, na wa tatu akasimama nje ya uwanja, akiulizwa tu pale wale wawili waliposhindwa kuelewana (nadhani aliulizwa sana). Mwaka 1891 huyo wa nje aliingizwa katikati na kupewa mamlaka yote, nao wale wawili wakapelekwa pembeni na vibendera. Mwaka huohuo ndio penalti ilianza. Sishangai. Penalti haiwezi kungoja watu wapatane. Kadi za njano na nyekundu zilikuja baadaye sana, katika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico.

Kwetu Rwanda tunaye Salima Mukansanga, aliyezaliwa mwaka 1988 wilayani Rusizi. Kwanza alipenda mpira wa kikapu, akasomea uuguzi na ukunga, na huku akichezesha soka. Mwaka 2012 akawa mwamuzi wa FIFA. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, alichezesha Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waamuzi watatu wanawake wa kwanza kuteuliwa kwa Kombe la Dunia la wanaume, nchini Qatar. Watu husimulia siku ile ya Yaoundé. Mimi huhesabu miaka kumi iliyoitangulia.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliniita tena. Refa alikuwa amefika, kwa hiyo nilipewa kibendera. Nilinuna kidogo, kisha nikawakumbuka wale wawili wa 1891, nikaenda kusimama kwenye mstari. Kipindi cha kwanza niliinua kibendera mara nne kuonyesha kuotea. Mara mbili ilikuwa dhidi ya darasa letu.