Hesabu Meno Kwanza

Kapseret inadanganya macho. Ukitoka Eldoret kwa barabara ya Kapsabet, ukapita Langas ukielekea uwanja wa ndege, utadhani nchi hii ni sahani: mahindi kushoto, ng'ombe kulia, anga kubwa juu. Lakini panda baiskeli uone, magoti yatakupa habari tofauti. Barabara inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena. Ukiendelea hadi Mosoriot na Kapsabet, vilima vinazidi kujitokeza. Na ukienda upande ule mwingine, ukavuka mji hadi Iten, kilomita thelathini na kitu, tambarare inakatika ghafla kama ukingo wa meza. Huko chini, zaidi ya mita 1,000, ni Bonde la Kerio. Barabara ya Tambach inakuteremsha kwa raha zote. Halafu lazima urudi nyumbani.

Ndiyo maana kila kijana anayenunua baiskeli ya mbio huku kwetu huuliza swali lile lile: niweke gia gani, ya tambarare ama ya mlima? Nimelisikia kwa fundi, nimelisikia WhatsApp, nimelisikia hata harusini. Wengi hulijibu kama swali la vyuma tu. Mimi naona ni swali la historia pia, kwa sababu kwa miaka mingi sana watu wa huku waliendesha gia waliyochaguliwa na mtu mwingine.

Tuanze na hesabu kidogo, haiumi. Duara lililoshikana na pedeli lina meno, na lile la gurudumu la nyuma lina meno. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Jibu ni umbali ambao baiskeli inasonga ukizungusha pedeli mara moja. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa karibu mita 2.1. Kwa hiyo meno 50 mbele na 11 nyuma yanakupa kama mita 9.5. Meno 34 mbele na 32 nyuma yanakupa mita 2.2. Ya kwanza ni hatua ya twiga, ya pili ni hatua ya mtoto anayejifunza kutembea. Hatua ndefu inataka nguvu nyingi kwa kila mzunguko, hatua fupi inataka mizunguko mingi. Hakuna ya bure.

Sasa tuje kwa Black Mamba.

Wakati wa ukoloni, baiskeli zilizotamba hapa zilikuwa za Uingereza, hasa Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja za India na China: Hero, Atlas, Avon, Phoenix. Jina lilibadilika, umbo likabaki: fremu nzito ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, na keria ya kubeba chochote, kuanzia gunia la mahindi hadi mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Na gia moja tu.

Babu yangu alikuwa nayo. Alibeba maziwa kutoka Kapseret hadi mjini kabla jua halijachomoza, mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila upande. Baiskeli yenyewe bado iko ghalani, na nimeyahesabu meno yake: 44 mbele, 18 nyuma. Gurudumu lake ni kubwa kidogo, mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko unaisogeza kama mita 5.4. Kwa tambarare isiyo na upepo, hiyo ni tamu kabisa. Kwa mpando ni mambo mengine. Ukipanda kwa kilomita 10 kwa saa, pedeli zinazunguka mara 31 tu kwa dakika. Yaani kila mzunguko unausimamia kwa uzito wako wote, na bado kuna lita 40 za maziwa zinazokuvuta nyuma. Babu hakujisumbua. Alishuka, akashika hendo kwa mkono mmoja na keria kwa ule mwingine, akasukuma.

Niliwahi kumuuliza kama haikumkasirisha kusukuma kitu alichonunua kimbebe. Akacheka. "Baiskeli inakupeleka penye inaweza," akasema. "Penye haiwezi, wewe ndiwe unaipeleka."

Jibu lake ni zuri, lakini mimi bado linanisumbua, kwa sababu gia zilikuwepo. Sturmey-Archer, gia tatu zinazojificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zilianza kutengenezwa Nottingham kule kule kwa Raleigh tangu mwaka 1902. Katika ule muundo wao uliokuja kuwa maarufu zaidi, gia ya chini hupunguza hatua kwa robo. Hatua ya babu ingeshuka kutoka mita 5.4 hadi kama mita 4. Bado angetoka jasho, lakini vilima vingine angevipanda akiwa ameketi.

Sisemi kulikuwa na njama. Baiskeli ya gia moja ilikuwa bei nafuu, na fundi wa chini ya mti angeitengeneza kwa spana, nyundo na mafuta kidogo. Kitovu chenye gia ndani kikigoma shambani, nani angekifungua? Hizo ni sababu za kweli. Ila unafuu ule wa dukani ulilipwa barabarani, na waliolipa walikuwa watu kama babu, kwa miguu yao, kila asubuhi.

Baiskeli hiyo hiyo ndiyo iliyozaa boda boda kule mpakani Busia, miaka ya 1960 na 1970. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la mpaka, kwa sababu abiria walivushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi ikasambaa hadi Eldoret, kiti cha sponji juu ya keria, abiria nyuma, gia moja. Halafu mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zikaingia kwa wingi, na wengi wakaruka moja kwa moja kutoka gia moja hadi injini. Ile sura ya katikati, ambapo mtu wa kawaida ana baiskeli inayomruhusu kuchagua, watu wa huku waliikosa karibu wote.

Ulaya sura hiyo ilipiganiwa. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, hakupenda gia za kubadilisha hata kidogo. Kwake zilikuwa za watu waliokwisha kuzeeka, na mshindi wa kweli alitakiwa kushinda kwa misuli yake. Mwaka 1910 mbio zilipelekwa kwenye milima mikubwa ya Pyrenees. Wakati huo gurudumu la nyuma lilikuwa na duara la meno kila upande: moja la tambarare, moja la mlima. Ukifika chini ya mlima unashuka, unafungua gurudumu, unaligeuza, unafunga, unapanda. Kule juu unarudia. Fikiria unafanya hivyo vidole vikiwa vimeganda kwa baridi. Na wakati huo huo, katika mji wa Saint-Étienne, Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alikuwa akiendesha baiskeli za gia kadhaa na kuandika bila kuchoka kwamba gia haimwaibishi mtu. Mashindano hayakumsikiliza. Vihamisha cheni viliruhusiwa kwenye Tour mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya Desgrange kuachia usukani.

Kuna jambo moja kuhusu Desgrange ambalo kwangu linaeleza mengi. Yeye mwenyewe alikuwa mwendeshaji, na mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja: kilomita 35.325. Aliiweka katika uwanja wa mbio, mahali pasipo na mlima. Fahari yake ya gia moja aliipatia kwenye tambarare, halafu akawatoza wengine bei yake mlimani.

Nakumbuka hilo kila nikisikia vijana wa huku wakicheka gia ndogo. Tunaiita "gia ya nyanya". Ukionekana na duara kubwa la meno nyuma, kubwa kama sahani ya chai, unaulizwa kama pia umekuja na kikapu cha sokoni. Kuna jamaa mmoja tulianza naye safari za Jumapili, ana mapafu kuliko sisi sote. Alinunua baiskeli ya mtumba, nzuri, nyepesi, meno 39 mbele na 23 nyuma ndiyo gia yake rahisi kabisa. Alipanda Tambach nayo mara tatu. Siku hizi goti lake haliruhusu, na baiskeli ameshauza. Hakushindwa na mlima. Alishindwa na gia iliyowekwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine ni nani? Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, hadi Alpe d'Huez, ule mlima mashuhuri wa Ufaransa wenye kona 21. Ni kilomita 13.8 za kupanda kwa wastani wa asilimia 8 hivi. Hawakuwa wataalamu wa mbio. Mmoja alikuwa akijikimu kwa kubeba abiria kwa baiskeli, mwingine kwa kung'arisha viatu. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na sekunde 10. Piga hesabu: hiyo ni karibu kilomita 20 kwa saa, mlimani. Kwa kasi hiyo, gia ya 39 kwa 23 inakuzungusha mara 92 kwa dakika. Nyepesi, nzuri, inafaa. Sasa mimi na wewe tunapanda kwa kilomita 10 kwa saa. Gia ile ile inatuzungusha mara 47. Chuma ni kile kile, lakini yeye inambeba, sisi inatuvunja.

Kutokana na jaribio lile ilikua timu ya Kenyan Riders iliyoweka makao Iten, na ndani yake akapita Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyemaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka 2017. Baadaye aliongoza Team Amani, iliyojikita katika mbio za barabara za vumbi, kama ile Migration Gravel Race iliyoanza Maasai Mara mwaka 2021. Alifariki Agosti 2022 katika mbio za namna hiyo huko Vermont, Marekani. Katika mbio za vumbi hakuna anayecheka gia ndogo. Mchanga na kokoto zimeshawafundisha wote.

Basi, swali la harusini. Mtu wa Kapseret aweke nini?

Kwanza kumbuka mahali tulipo. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Kwenye tambarare hilo linakusaidia, kwa sababu upepo unaokuzuia ni mwepesi. Kwenye mpando linakukomoa, kwa sababu kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Kwa hiyo Kapseret inataka mambo mawili kwa pamoja: gia kubwa ya kutosha ukielekea mjini, na gia ndogo kwelikweli ukitoka Kerio.

Jibu langu ni 50 na 34 mbele, na kaseti ya 11 hadi 32 au 34 nyuma. Usiogope kwamba utakosa mwendo. Ukizungusha 50 kwa 11 mara 90 kwa dakika unapita kilomita 51 kwa saa, na sijaona wengi wakifanya hivyo pale Langas bila mteremko. Na kwenye Tambach, 34 kwa 32 inakuzungusha mara 75 kwa dakika kwa ile kasi yetu ya kilomita 10. Umeketi, unapumua, unaweza hata kuongea.

Gharama ipo. Kaseti ya 11 hadi 25 ina meno yanayofuatana: 12, 13, 14, 15, 16, 17. Kwenye tambarare unapata mdundo ule ule miguu inaoutaka. Ile ya 11 hadi 34 inaruka: 13, 15, 17. Utasikia pengo, hasa ukiwa kwenye kundi lililoshika kasi. Kama safari zako zote ni Kapseret hadi mjini na kurudi, chukua ya 25, huna deni na mtu. Na kabla hujanunua kaseti kubwa, mwonyeshe fundi kihamisha cheni cha nyuma. Kama mkono wake ni mfupi, huenda usimeze 32, na cheni yako ya zamani huenda isitoshe. Muulize kabla hujalipa.

Baiskeli nyingi za mbio ninazoziona huku zimekuja kwa mtumba, na zimekuja na gia za mwenyewe wa kwanza: nchi yake, kasi yake, umri wake, majivuno yake. Black Mamba nazo zilikuja hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba babu hakuwa na cha kuchagua, na wewe unacho, kwa bei ya kaseti moja na saa moja kwa fundi.

Na mtu akikuambia gia ndogo ni ya wanyonge, usibishane naye. Mpe ile mitungi miwili ya lita 20, umwonyeshe mpando.