M-Pesa Ilianza na Watu Wasiofika 500, na Hao Ndio Walioibadilisha

Siku hizi ukiingia kwa grupu yoyote ya vijana wanaotengeneza aplikesheni, utapata ujumbe kama huu: "Natafuta watu 12, pakua yangu nipakue yako." Wengine hata wanalipia. Mimi naona hapo tumepoteza kitu, na historia yetu wenyewe inaweza kutuonyesha ni nini.

Turudi Oktoba 2005. Safaricom na Vodafone wanaanza majaribio ya huduma mpya, menyu tu iliyokaa ndani ya laini ya simu. Hakuna intaneti, hakuna simu ya kugusa kioo. Wanaoijaribu hawafiki 500, na ni wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Wako sehemu tatu: katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wanapewa simu, wanafunzwa, na kuna maduka 8 ya mawakala wa kuwahudumia.

Lengo la huduma? Kulipa mkopo. Basi. Hakuna aliyekuwa anawaza kutumia shosho pesa ama kulipa mathree.

Lakini ukimpa Mkenya kitu, atakipatia kazi yake. Wale wateja walianza kulipana kibiashara. Kuna aliyekuwa analipia mwenzake mkopo, naye analipwa kwa kufanyiwa kazi. Kuna waliotumia akaunti kama sefu, pesa ya mauzo inalala humo mpaka asubuhi. Kuna waliokuwa wakisafiri kati ya Nairobi na Thika, wanaweka pesa upande mmoja na kuitoa upande wa pili, ili wasitembee na noti mfukoni. Wakati huohuo, ile kazi ya mkopo yenyewe ilikuwa inasumbua, kwa sababu hesabu za simu na vitabu vya Faulu hazikuwa rahisi kuoanisha.

Wenye mradi wangeweza kusema "hawa watu wanatumia vibaya." Hawakusema hivyo. Waliangalia, wakaweka mkopo kando, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutumiana pesa. Hiyo ndiyo unayoijua.

Sasa linganisha na sisi. Duka la aplikesheni za iPhone lilipofunguliwa 2008, ukitaka watu waijaribu yako mapema ilibidi uombe kila mmoja namba ya utambulisho ya simu yake, uisajili, na mwisho ulikuwa simu 100 kwa mwaka. TestFlight ilikuja 2010 kurahisisha huo usambazaji, na 2014 Apple wakainunua kampuni iliyokuwa inaimiliki. Leo unatuma linki na hata watu 10,000 wanaweza kuingia.

Google nao, mwaka wa 2023, waliamua kwamba mtu binafsi anayefungua akaunti mpya lazima apate watu 20 wa kuijaribu aplikesheni yake kwa siku 14 mfululizo ndio aruhusiwe kuiweka wazi Play Store. Desemba 2024 wakashusha hadi 12.

Naelewa kwa nini vijana wanalia. Kampuni kubwa ina wafanyakazi wa kuijaribu, wewe uko peke yako Rongai na laptopu moja. Na Kenya simu nyingi ni Android, kwa hivyo huo mlango huwezi kuukwepa kirahisi. Lakini ukikusanya watu 12 ambao hawajui aplikesheni yako ni ya nini, umetimiza sharti na hujajifunza chochote. Hakuna hata mmoja wao atakayeitumia kwa njia ambayo hukuitarajia, maana hana shida unayojaribu kutatua.

Unatengeneza kitu cha mama mboga? Tafuta mama mboga 12. Cha watu wa boda? Stejini wapo. Kaa nao hizo wiki mbili, uone wanabonyeza wapi, wanakwama wapi, na hasa wanaitumia kufanyia nini kile ambacho hukukipanga. Ni kazi, ndio, na bando utawanunulia wewe.

Majibu ya M-Pesa yalitoka Mathare na Thika, kwa watu ambao hawakuwa wamesomea teknolojia. Walikuwa na pesa kidogo na mahali pa kuipeleka.