Casspir: gari lililozaliwa na bomu la ardhini

Casspir ni gari la deraya la Afrika Kusini lenye magurudumu manne, lililoundwa ili waliomo wabaki hai likikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Liliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Chimbuko lake ni vita vya ukombozi kusini mwa Afrika. Wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, wakitokea kambi zao za Tanzania, kisha wa ZANLA wa Zimbabwe na wa SWAPO wa Namibia, walitega mabomu ya Kisovyeti kwenye barabara za vumbi, na malori ya Ureno, Rhodesia na Afrika Kusini yakawa yanararuliwa kila mara. Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilianza kwa kupanga viroba vya mchanga sakafuni na kutia maji matairini, halafu ikaunda Leopard, gari dogo la vipuri vya Volkswagen. Afrika Kusini ikaunda Hippo juu ya shesi ya Bedford, kisha Buffel juu ya Unimog.

Casspir, kazi ya taasisi ya utafiti ya CSIR kwa ajili ya polisi, liliyapita yote. Halina shesi: bodi ya chuma ndiyo uti wa mgongo wake, nayo imeinuliwa juu sana kutoka ardhini. Tumbo lake limechongoka kama mtumbwi. Bomu likilipuka chini ya sakafu bapa, nguvu yote huipiga sakafu na kuvunja miguu ya abiria. Likilipuka chini ya tumbo hili, mlipuko huteleza kwenda pembeni. Likilipuka chini ya gurudumu, gurudumu na ekseli hung'oka, hufungwa nyingine, na safari huendelea. Abiria lazima afunge mkanda, la sivyo kichwa hugonga dari. Gari hili huhimili kilo 21 za kilipuzi cha TNT chini ya gurudumu, sawa na mabomu matatu ya Kisovyeti ya TM-57.

Uhandisi huo bora ulitumikia dhuluma. Nchini Namibia kikosi cha polisi cha Koevoet kiliwasaka wapiganaji wa SWAPO kwa Casspir, na huko Afrika Kusini wakazi wa Soweto waliliona likija na mabomu ya machozi na risasi. Baada ya vita, magari yaleyale yalifungwa magurudumu ya chuma yakaenda kulipua mabomu yaliyosalia Msumbiji na Angola, kazi yenye heshima kuliko zote yaliyowahi kupewa. Mjini Mogadishu yaliwabeba wanajeshi wa Uganda wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia.

Marekani iliuchukua ujuzi huo ilipozidiwa na mabomu ya barabarani Iraq. Mwaka 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliyapa magari ya aina hii kipaumbele cha kwanza. Lakini yalikuwa mazito mno kwa njia za milimani Afghanistan, hivyo mwaka 2009 kampuni ya Oshkosh ilipewa zabuni ya M-ATV, jepesi zaidi, ambalo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Polisi wa Kenya waliotumwa Haiti mwaka 2024 walipewa magari ya deraya ya Marekani aina ya MaxxPro, nayo yana tumbo lilelile lililochongoka.