Baridi Yabisi: Historia ya Jina la Maradhi ya Viungo

Wasemaji wengi wa Kiswahili huyataja maumivu ya viungo kwa jina la baridi yabisi. Aghalabu jina hilo hudhaniwa kuwa linaeleza chanzo cha ugonjwa, yaani kwamba mgonjwa amepigwa na baridi ya usiku au ya upepo wa bahari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo lina alama za mfumo mzima wa tiba ya kale, na kwamba kulitumia leo bila kuligawa maana zake kuna hatari.

Yafaa kwanza kutenganisha msamiati wa umbo na msamiati wa maradhi. Maneno ya umbo ni ya Kibantu. Kiungo kimetokana na kitenzi kuunga, nacho kina jamaa zake katika lugha nyingine za Kibantu, kama vile ilungu la Kizulu. Kifundo, cha mguu au cha mkono, ni fundo dogo. Kwa hiyo lugha ilikitazama kiungo kuwa ni mahali palipoungwa, mfano wa kamba iliyofungwa. Elimu ya mwili inaafiki mtazamo huo, kisha inauongezea. Katika viungo vinavyotembea sana, ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, kifuko huzizunguka, uteute hupunguza msuguano, na ligamenti hushikamanisha mfupa na mfupa. Kiwiko hukunjwa na kukunjuliwa kama mlango katika bawaba zake, ilhali bega na nyonga huzunguka pande zote, kwa kuwa kichwa cha mfupa kilicho mviringo hukaa ndani ya kikombe.

Majina ya maradhi yana historia nyingine. Waganga wa Kiyunani, na hasa Galen aliyezaliwa mwaka 129 B.K., walifundisha kwamba afya ni mizani ya maji manne ya mwili. Damu ilihesabiwa kuwa ya joto na unyevu. Kohozi, baridi na unyevu. Nyongo ya manjano, joto na ukavu. Nyongo nyeusi, baridi na ukavu. Vitabu vya Galen vilifasiriwa Baghdad na Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, na elimu hiyo ikapangwa upya na Ibn Sina (980–1037) katika Qanun yake. Barid na yabis ndiyo maneno ya Kiarabu yaliyotaja baridi na ukavu katika mpango huo. Neno yabis hubeba pia maana ya kukakamaa, na kwa sababu hiyo liliafiki vizuri hali ya kiungo kinachokataa kukunjika. Wala baridi yabisi si jina la pekee la namna hii: safura nalo limetokana na jina la Kiarabu la nyongo ya manjano.

Asiwepo wa kulidharau jina hilo kuwa ni la kishirikina. Lugha za Ulaya zilinywa kisima hicho hicho. Jina lao la maumivu ya viungo limetokana na neno la Kiyunani rheuma, yaani mtiririko, na jina lao la jongo limetokana na gutta la Kilatini, yaani tone. Kwani iliaminika kwamba maji mabaya hudondoka ndani ya kiungo.

Tofauti ni kwamba huko jina liligawanywa. Mwaka 1800 Landré-Beauvais wa Ufaransa alieleza ugonjwa wa viungo aliouona kuwa si jongo la kawaida. Mwaka 1848 Alfred Baring Garrod wa Uingereza alionyesha kwamba damu ya wenye jongo ina asidi ya yuriki kwa wingi, na mwaka 1859 akapendekeza jina mahsusi kwa ugonjwa ule mwingine, ambao sasa hujulikana kuwa ni kinga ya mwili kuushambulia utando wa viungo. Mbali na hayo, kuna kulika kwa gegedu, hasa uzeeni.

Katika Kiswahili cha kila siku, baridi yabisi huweza kuyafunika yote haya, na hapo ndipo penye madhara. Mtoto aliyepata maambukizi ya koo huweza baadaye kushikwa na homa inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo. Mzazi anapoambiwa kwamba hiyo ni baridi yabisi, huenda akatafuta blanketi na mafuta ya kuchua, ilhali mtoto anahitaji daktari na penisilini. Kadhalika, maumivu ya mtoto mwenye selimundu huweza kufichwa na jina hilo hilo.

Kwa hiyo haifai kulifuta jina ambalo umma umelizoea. Linaloufaa umma ni kulibakiza liwe jina la jumla, jongo libaki na maana yake mahsusi, na homa ya watoto, kulika kwa gegedu na ugonjwa wa utando vipewe kila kimoja istilahi yake. Kazi hiyo ifanywe na wanalugha pamoja na matabibu, kisha matokeo yake yafike katika kamusi, vitabu vya shule na zahanati, ambako mgonjwa hulisikia jina la ugonjwa wake kwa mara ya kwanza.