Raga na Nyoyo za Watu

Yasemekana kwamba katika baraza la Mfalme Akbar, aliyetawala kaskazini mwa Bara Hindi tangu 1556 hadi 1605, mwimbaji Tansen aliimba raga ya Dipak na taa zikawaka zenyewe. Ikabidi iimbwe raga ya mvua ili joto lile litulie. Hatulazimiki kuusadiki mkasa huo. Lakini hatuna budi kujiuliza ni muziki wa namna gani uliowafanya watu waamini kuwa sauti ya binadamu yaweza kuwasha utambi.

Raga si wimbo. Ni sauti teule zenye njia zake za kupanda na kushuka, na aghalabu zina saa yake: Bhairav huimbwa alfajiri, Yaman jioni, na jamii ya Malhar ni ya majira ya mvua. Tambura huvuma nyuma bila kukoma. Mwimbaji huanza polepole, tabla ingali kimya, akiionja sauti moja moja, hata msikilizaji akaingojea inayofuata kama mtu angojaye barua. Hapo ndipo moyo unaposhikwa. Natyashastra, kitabu cha kale kinachonasibishwa na Bharata, kiliita jambo hili rasa, yaani ladha, kikataja nane: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao.

(Kusini kuna mtindo wake, wenye watunzi wakuu kama Tyagaraja, 1767–1847, hapa twazungumzia wa kaskazini.)

Elimu hii ilirithishwa kwa mdomo. Bingwa wa Kiislamu aliitwa Ustad, neno ambalo sisi tunalijua vyema, na wa Kihindu Pandit. Nao walifundishana bila kujali dini. Lakini koo za waimbaji zilificha hazina zao, na wafalme waliowalea walipoishiwa nguvu chini ya Waingereza, hazina hizo zilikuwa hatarini kupotea. Mwaka 1902, mjini Calcutta, Gauhar Jaan aliimba mbele ya mashine ya santuri: raga iwezayo kuchukua saa nzima ikabanwa katika dakika tatu hivi. Naye V. N. Bhatkhande (1860–1936), mwanasheria, alisafiri huku na huko akikusanya tungo za koo hizo, akazichapa vitabuni, na raga akazipanga katika mafungu kumi.

Walikuwapo waliomlaumu, wakisema maandishi hayashiki mtetemo ulio baina ya sauti na sauti. Sisi tunaoandika ubaoni mashairi yaliyotungwa ili yaimbwe twaielewa lawama hiyo. Hata hivyo vitabu vyake vingali vikisomwa vyuoni, na mwanafunzi akishavifunga huenda kuketi mbele ya mwalimu wake, akasikiliza.