Mgeni wa Tangier na Nyuso Zenye Nembo za Kilwa

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, vijana wetu wa Mtwara, Mikindani na Msimbati siku hizi wanatumiana picha za mji wa Fez, kule Moroko. Wanauona ukuta mkongwe unaouzunguka mji, malango yake makubwa, na vichochoro ambavyo gari haipiti na mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Wanauona msikiti wa Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke wa Kiislamu, Fatima al-Fihri. Kisha wananiuliza, "Shehe, na sisi tutafika lini mahali kama hapa?"

Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akikujaalia nauli, nenda. Qur'ani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Lakini kabla hujafunga mzigo, jua kwamba mtu wa huko alitutangulia kuja huku. Alituona, akarudi kwao, na habari zetu zikaandikwa.

*MGENI MWENYEWE*

Jina lake ni Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, kaskazini ya Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliondoka kwenda Hija, na safari ikamchukua takriban robo karne kabla ya kurudi kwao. Mnamo mwaka 1331 alipanda jahazi Aden, akapita Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Huku alikuja na kaskazi, akaondoka na kusi kuelekea Dhofar. Upepo ule ule wanaoujua wavuvi wetu mpaka leo.

Alipozeeka kidogo, Sultani Abu Inan wa Fez aliamuru habari zake ziandikwe. Yeye akasimulia, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika. Kazi ikakamilika mwaka 1355. Kwa hiyo unapoiangalia picha ya ukuta wa Fez, kumbuka kuwa mji ule una uhusiano na pwani yetu. Tena mwaka mmoja, 1981, mji mkongwe wa Fez na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Songo Mnara nao ulikuwa mji wa mawe wenye ukuta wake.

*ALICHOKIONA*

Huko Mombasa alisifu jambo dogo ambalo mimi nalipenda sana. Anasema kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi. Mtu anateka maji kwa chombo cha mti, anaosha miguu, anaifuta kwenye jamvi nene, ndipo anaingia. Wazee wetu walikuwa watu wa twahara na utaratibu, na mgeni alilishuhudia hilo.

Kilwa aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Anasema nyumba zake zilikuwa za miti. Wewe ukienda leo unaona mawe: Msikiti Mkuu wenye kuba na matao, na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Basi elewa, ndugu yangu. Miti huoza na mawe hubaki. Nyumba za watu wengi zimekwenda na mvua, na tunachokiona ni kazi ya wenye nguvu na mali.

Jambo kubwa ni hili. Anasema watu wengi wa Kilwa walikuwa Zanji, weusi sana, wenye chale nyusoni.

Rudia kusoma sentensi hiyo. Sisi wa Mtwara tuna bibi na babu waliokuwa na nembo nyusoni, tumewaona kwa macho yetu. Sisemi kwamba watu wale walikuwa Wamakonde, kwani hakutaja kabila. Ninachosema ni kwamba kuna watu hadi leo wanaambiana kuwa magofu yale ni ya Waarabu tu, au ya Washirazi tu, na kwamba mtu mweusi alikuwa mpita njia. Shahidi aliyefika na kukanyaga mchanga wa Kilwa anasema vingine. Wenye mji, walioosha miguu na kusimama safu za Ijumaa, watu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, walikuwa na nyuso kama za bibi zetu.

*WATUMWA KUMI*

Sasa tuje kwenye lililo gumu, maana historia haisomwi nusu.

Sultani wa Kilwa wakati ule alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mtu wa vipawa, kwa wingi wa kutoa. Alikaa na mafakiri akala nao. Ibn Battuta anasimulia kuwa siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akavua, akampa. Mrithi wake akazichukua tena nguo zile kutoka kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tumezoea kuisimulia habari hii kama somo la ukarimu, na kuvua nguo mwilini ni ukarimu kweli. Lakini wale watu ishirini walitoka wapi? Mgeni huyo huyo anatuambia kuwa Sultani alikuwa akivamia nchi za Zanji na kuchukua ngawira. Yaani bara, nyuma ya pwani. Waliosali ndani ya mji na waliokamatwa nje ya mji, rangi yao ilikuwa moja.

Na mambo hayakuishia hapo. Karne ya kumi na tisa misafara ya watumwa ilishuka Kilwa Kivinje na Mikindani yetu hii, na soko la Zanzibar halikufungwa mpaka 1873. Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa na imeweka fungu la zaka kwa ajili hiyo. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, wazee wetu wakachelewa mno kuupita. Tukinyamaza sisi, wengine watalisema kwa kutusimanga, na vijana wetu watakosa jibu.

*ADABU ZA KUZURU*

1. Anza na Kilwa. Panda basi mpaka Kilwa Masoko, chukua kibali cha kuzuru, kisha vuka kwa mashua.

2. Nia yako iwe mazingatio. Safari ya kukusudia fadhila maalumu ya ibada ni ya misikiti mitatu tu: Makka, Madina na Aqsa. Usiende kuomba haja kwa maiti.

3. Msikiti ulioporomoka uheshimu. Usipande mihrabu kwa ajili ya picha.

4. Usiokote kigae wala sarafu. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavilinda, na ni amana ya watakaokuja baada yako.

5. Mpeleke mwanao, umwambie yote mawili: hawa ni watu wetu waliojenga, na hawa ni watu wetu waliouzwa.

Ewe Mola, warehemu waliosujudu pale, na warehemu waliopitishwa pale wamefungwa minyororo. Utupe macho ya kuona na ndimi za kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.